Nilisema Tisa, Siyo Sita

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Meno.

Mheshimiwa Daktari,

Kuhusu: Kuvunjiwa heshima nikiwa mdomo wazi

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Jino langu, namshukuru Mungu, limetulia kabisa, na sina neno juu ya mikono ya daktari wako wa chumba cha pili, yule binti mwenye miwani. Malalamiko yangu yanahusu mdomo wake, na yaliyoupata wangu.

Ijumaa asubuhi nilikuja kuzibwa gego la chini. Daktari alinichoma sindano ya ganzi, akanipachika kidude cha mpira ili nisifumbe mdomo, kisha yeye na nesi wake, ambaye wagonjwa wote humwita Shangazi, wakaanza mazoea yao. Nimeambiwa ni ya siku nyingi: daktari hutega chemshabongo huku akifanya kazi, Shangazi hujaribu kujibu, na mlango huachwa wazi ili walioketi kwenye benchi la korido nao wajaribu na kusahau woga. Jambo zuri sana. Mimi mwenyewe ni mwamuzi wa kijiwe chetu, pale kwenye baraza ya kinyozi, ambako wastaafu tunakutana kila alasiri kutegeana mafumbo ya hesabu. Kwa hiyo nilifurahi. Furaha hiyo haikufika mbali, kwa sababu zifuatazo:

1. Daktari aliuliza hivi: "Fundi ana gogo refu. Anataka kulikata vipande kumi, na kila mkato unamchukua dakika moja. Atamaliza baada ya dakika ngapi?" Aliuliza huku mashine ikinguruma ndani ya gego langu. Benchi karibu lote likaitikia kumi. Mheshimiwa, mtu yeyote aliyewahi kukata hata mkate anajua kwamba ukishakata mara ya tisa, kipande cha kumi kimepatikana chenyewe. Nilikuwa na jibu kabla hajafunga mdomo. Tatizo ni kwamba wangu haukuwa unafungika.

2. Nilijibu. Nilisema tisa, kwa sauti ile ya darasani. Lakini ulimi ulikuwa umelala na meno hayakutani, kwa hiyo kilichotoka ni "i-a". Shangazi akainama, akatega sikio, akageukia korido na kutangaza, "Mwalimu anasema sita."

Sita. Wangesema nimejibu kumi ningevumilia, maana kumi ni kosa la watu wenye akili zao walio na haraka. Sita haina njia. Huwezi kuifikia kwa kujumlisha, kwa kutoa, wala kwa kuchanganyikiwa. Nilisikia benchi lote likiguna kwa huruma. Daktari akanigusa bega, akasema, "Si neno, Mwalimu. Leo umeamka na jino."

3. Nikainua mkono, kama nilivyowafundisha watoto wa watu miaka yote, ili nipewe nafasi ya kusahihisha. Kumbe katika chumba kile mkono ukiinuliwa maana yake ni maumivu. Nikaongezwa sindano. Nikainua tena kueleza kwamba siumwi. Nikaongezwa nyingine. Hadi tunamaliza, upande mzima wa uso wangu, pamoja na sikio, ulikuwa mali ya kliniki.

4. Kwenye benchi alikuwepo mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ana duka la vifaa vya umeme. Yeye ndiye aliyetoa jibu sahihi. Walipompongeza akasema, kwa nia njema kabisa, "Ni huyu huyu Mwalimu aliyenifundisha, enzi zake." Mheshimiwa, sindano zote tatu sikuzisikia. Hiyo "enzi zake" niliisikia.

5. Habari zilifika kijiweni kabla yangu. Nilijitetea, lakini ganzi ilikuwa haijaisha, na kila nilipotamka tisa kilitoka kitu kinachoelea kati ya namba zote mbili, pamoja na mate. Kinyozi akanipa kiti cha wateja, akanifunika kitambaa begani kana kwamba nimekuja kunyolewa, akasema, "Mzee wangu, pumzika kwanza. Uamuzi nitaushika mimi mpaka upate nafuu." Nafuu nimepata siku ile ile jioni. Uamuzi bado anao. Anatega mafumbo ambayo yeye mwenyewe hajui majibu yake, halafu anauliza wangapi wanakubali na kuhesabu mikono. Hesabu inapigiwa kura, Mheshimiwa. Mimi nakaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa, na nikifungua mdomo wananiambia taratibu, Mwalimu, usije ukajiumiza.

6. Mtaani sasa naitwa Mwalimu Sita. Nyumbani, mke wangu alinisubiri nimalize kunywa uji wangu wa upande mmoja, ndipo akauliza, "Baba watoto, kwani ulikuwa unahesabu nini?"

7. Sipendi kulaumu bila ushahidi, kwa hiyo nilifanya uchunguzi. Niliweka mwiko mdomoni, nikataja namba kutoka moja hadi kumi bila mpangilio, mke wangu akiwa amegeukia ukutani na kusema alichosikia. Zote alizipata, hata nne. Zilizomshinda ni mbili tu: sita na tisa. Mdomo ukiwa wazi, namba hizo ni kitu kimoja. Nilimwomba turudie kwa uhakika zaidi, akasema anautaka mwiko wake.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, Shangazi atangaze kwenye korido ile ile, mbele ya benchi lililojaa, kwamba nilisema tisa. Lakini hilo litaniponya mimi tu, na wagonjwa wengine watazidi kuangamia. Kwa hiyo, pili, naomba ofisi yako iwaandikie wakubwa wanaohusika na lugha, ili jina la sita libadilishwe. Nasema sita kwa sababu tisa haijamkosea mtu. Najua mambo ya wakubwa huchukua muda. Basi, la tatu, wakati tukisubiri, daktari akatazwe kutega fumbo lolote ambalo jibu lake ni mojawapo ya namba hizo. Na kwa kuwa hakuna ajuaye jibu la fumbo kabla halijafumbuliwa, njia ya usalama ni moja: mafumbo yapigwe marufuku kabisa, mlango ufungwe, na watu wa kwenye benchi waachiwe woga wao.

Nisalimie mlinzi wa getini, dada wa mapokezi, mama anayefagia korido, na Shangazi pia, maana sina kinyongo na mtu bali na masikio.

Ni mimi niliyejibu sahihi,
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, kinyozi amerudi kutoka kwenu, shavu limemvimba, na amekuja na fumbo jipya la daktari. Wagonjwa watatu wameketi kwenye benchi. Wa kwanza husema kweli siku zote, wa pili husema uongo siku zote, na wa tatu... Hapo ndipo jino la kinyozi lilipotoka, daktari akamwambia ateme, akaita anayefuata. Tumekaa barazani tangu adhuhuri tukibishana juu ya huyo wa tatu, hakuna aliyenyolewa, na nimerudishiwa uamuzi kwa sababu kinyozi hawezi kuongea. Tafadhali yote niliyoandika hapo juu yasifanyiwe kazi, mlango usifungwe, na unipangie nafasi ya kesho asubuhi, chumba cha pili. Nina gego moja la juu, upande wa kushoto. Haliumi, lakini si vibaya likichunguliwa. Mwambie daktari asiwe na haraka.