Nimewapokea Wakwe Nikiwa Juu ya Gome la Mgomba

Jamani, leo nimeaibika hadi nimekosa pa kuuweka uso. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kwenye kitanda cha mama yangu, huku Tukuyu, kwa sababu kukaa hakuwezekani. Mlioniuliza mbona niko kimya kwenye grupu tangu asubuhi, sababu ndiyo hii. Kaeni (nyie mnaoweza kukaa) niwasimulie.

Kwanza mjue hivi. Marehemu kaka yangu aliacha binti mmoja, Tumpe. Alikuwa mdogo sana baba yake alipofariki. Nimemlea mimi, pale Mlandege, Iringa, kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka langu la vipuri, na ananiita baba. Sasa Tumpe amepata mchumba, kijana wa Kihehe anaitwa Festo, mpole hadi unamtilia shaka. Leo ukoo wa Festo ulikuwa unatoka Iringa kuja huku nyumbani kwa bibi yake Tumpe kuleta posa. Na baba ndiye mimi. Wa kuwapokea ni mimi, wa kujibu ni mimi, wa kuonekana mtu mzima mwenye akili zake ni mimi.

Asubuhi Tumpe akanivuta pembeni.

"Baba, shangazi yake Festo ndiye anayeamua kila kitu kwao. Kuna mchumba mwingine walimkataa kabla yangu kwa sababu baba yake alicheka wakati shangazi anaongea."

"Alicheka tu?"

"Alicheka tu."

"Basi mimi leo sicheki hata nikitekenywa."

"Baba, nakuomba. Leo tu. Usinitie aibu."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Nikamshika bega nikamwambia, mwanangu, tulia, baba yako nipo. Suti nilishavaa, ile ya kijivu ya ubarikio wa mwanangu Atu. Viatu unajiona. Kila kitu kilikuwa sawa kabisa. (Kumbukeni hilo, kuanzia hapa hakuna kilichokuwa sawa tena.)

Mke wangu akapigiwa simu, akasema wageni ndiyo kwanza wako Uyole. Nikapiga hesabu za Kitanzania. Kutoka Uyole mpaka hapa, barabara yenyewe milima na kona, halafu lazima wasimame njiani kununua ndizi, halafu lazima wapotee kidogo. Nina muda wa kutosha, nikasema. Nikatoka nje kuwaangalia watoto.

Wanangu wawili, Atu na mdogo wake Lusajo, walikuwa wamekaa kibarazani kama wamefiwa. Bando limekata.

"Baba," akasema Lusajo, "nyie zamani huku mlikuwa mnafanya nini?"

Wee! Aniulize mimi! Nikavuta kigoda. Nikawaambia tulikuwa tunaenda shule pekupeku kwenye baridi hii hii, mkononi kuni ya mwalimu, kichwani kidumu cha maji. Nikawaambia kiberiti kikiisha nyumbani unatumwa kwa jirani kuomba moto, unarudi na kaa limelala kwenye kipande cha chungu, unalipuliza njia nzima, likizimika unarudi tena na jirani anakusonya. Nikawaambia kaptula zetu zilikuwa na viraka viwili vya mviringo huku nyuma, tukiviita taa za nyuma.

"Viraka vya nini?" akauliza Atu.

"Vya kuserereka!"

Nikawaonyesha mteremko ulio mbele ya nyumba ya mama. Huo mteremko unaanzia uwanjani, unapita pembeni ya migomba, unashuka na majani mabichi mpaka kwenye njia ya miguu inayotoka barabarani. Nikawaeleza tulivyokuwa tunachuna gome la mgomba, lile pana linaloteleza, unakaa ndani yake, mwenzako anakusukuma mgongoni. Anayesukuma anapiga kelele "Fijo!" na wewe unaitikia "Fijoo!" njia nzima mpaka chini, ili watu wapishe. Fijo ni Kinyakyusa, maana yake sana, kweli kweli. Kadiri unavyoipiga ndefu ndivyo unavyoonekana dume.

Lusajo akaangalia mteremko. Akaniangalia mimi. Akaangalia kitambi.

"Baba, hapo unatupiga fiksi."

Fiksi! Mimi! Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, mtoto wa juzi aniambie fiksi! Mama yangu alikuwa anamenya ndizi mlangoni, akasema bila hata kuinua uso, "Waache hao. Na wewe vua hiyo suti kama unataka kwenda migombani." Sikuvua. (Nilijiambia naenda kuonyesha tu.)

Nikachuna gome kwenye mgomba uliokatwa jana. Jamani, ile harufu! Yale maji maji yake mkononi! Ghafla nikawa na miaka saba. Nikalibeba hadi ukingoni, nikalilaza kwenye majani. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Nikachungulia chini.

Nataka niseme ukweli hapa. Hivi sisi tulikuwa tunashuka hapa? Hapa hapa? Ule si mteremko, ule ni ukuta uliolazwa kidogo! Na tulikuwa watoto wadogo, tumbo wazi, hatuna breki, hatuna kofia, hatuna bima. Tulikuwa tunashuka, tunapanda mbio, tunashuka tena mpaka giza linaingia, halafu tunaitwa kula na hakuna aliyetuuliza tumeumia wapi. Nikasimama pale mdomo wazi kama niko kanisani. Nilijistaajabia mwenyewe. Nikatamani niende nikamtafute yule mtoto nimpe mkono.

"Unaogopa?" akauliza Lusajo.

"Mimi? Nasali tu."

Nikakaa kwenye gome. Mpango wangu ulikuwa nijisogeze hatua mbili, nishike majani, nisimame, nipigiwe makofi. Atu akatoa simu arekodi. Na Lusajo, bila kuambiwa na mtu, akaweka mikono yake yote miwili mgongoni mwangu.

"Fijo!" akapiga kelele.

Akasukuma.

Yesu na Maria! (Na mimi ni Mlutheri!) Gome liliondoka kabla sijavuta pumzi. Majani yakawa yanapita kama niko kwenye basi la usiku. Nikashika majani, yakang'oka. Nikashika mgomba, nikaukosa. Suruali nikaisikia inasema chwaaa. Na hapo hapo nikaona, kule chini kwenye njia ya miguu, watu. Watu wengi. Wamevaa vitenge vya sare. Mbele yao mama mmoja mnene, kilemba kirefu, anatembea kwa heshima zote, na pembeni yake Festo amebeba dumu.

Hawakununua ndizi! Hawakupotea! Gari waliliacha barabarani kwa sababu ya tope wakaanza kupanda kwa miguu.

Nikataka kusema pisheni. Haikutoka. Kilichotoka ni kile kilichokaa kifuani tangu utotoni.

"Fijoooo!"

Sasa sikilizeni. Festo, kijana wa watu, safari nzima alikuwa amewafundisha ndugu zake neno moja la Kinyakyusa ili waje kutupendeza: ndaga fijo, yaani asante sana. Na nyie mnawajua Wahehe kwenye mambo ya salamu. Mhehe hasalimii huku anatembea. Wakasikia fijo, wakajua ni mwenyeji anawakaribisha. Wakasimama. Wote. Katikati ya njia. Wakainama kwa adabu, mikono pamoja, wakaitikia kwa sauti moja:

"Ndaga fijo!"

Nikawapitia.

Wengine niliwakosa. Festo nilimkumba miguu, dumu likaruka, mfuniko ukatoka. Na dumu lilikuwa na ulanzi, pombe ya mianzi, waliyoibeba kutoka kwao kama zawadi ya baba mkwe. Ukanimwagikia wote, kuanzia utosini. Shangazi yeye alikuja juu yangu, taratibu, kama anayekaa kwenye kochi.

Kuku wakakimbilia migombani.

"Nani huyu?" akauliza shangazi, bado amenikalia.

"Shangazi," akasema Festo kwa sauti ya mgonjwa, "huyo ndiye baba."

"Baba wa nani?"

"Baba mkwe."

Akainama akaninusa. "Amelewa saa hizi?"

"Kamwene, shangazi," nikasema kutoka chini, maana salamu ya Kihehe naijua. "Sijalewa. Ulanzi huu ni wenu."

Wakamwinua. Nikasimama na mimi, mikono yote miwili nyuma, maana nyuma hakukuwa na suruali tena. Nikainua macho. Tumpe alikuwa amesimama pale juu, ukingoni, amevaa gauni lake jipya. Alikuwa ameona yote. Hakupiga kelele wala hakunisema. Alijifunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kutetemeka. Makalio yaliniuma, ndiyo, lakini hapo ndipo nilipoumia. Asubuhi tu nilimwambia atulie, baba yake nipo.

Shangazi akaokota gome. Akaligeuza huku na huku.

"Hili lilikuwa la nini?"

"La kuserereka, shangazi. Nilikuwa nawaonyesha watoto tulivyocheza zamani. Walisema napiga fiksi."

"Ukashuka na suti."

"Na suti, shangazi."

"Miguu uliiwekaje?"

"Samahani?"

"Miguu! Uliinyoosha?"

"Niliinyoosha."

"Ndiyo maana!" Akasonya, msonyo mrefu sana. "Mtu mzima hajui kukunja magoti! Festo, shika mkoba."

Jamani. Yule mama alivua kilemba. Alijifunga kitenge kiunoni, fundo la kulimia. Ndugu zake wakaanza, "Shangazi, presha! Shangazi, goti lako!" Hakuna aliyejibiwa. Akapanda ule mteremko hadi nusu yake, amebeba gome kwapani, anahema, anaongea peke yake kwamba huko kwao Mufindi walikuwa wanashukia gunia kwenye majani ya misindano, ile miti ya mbao, na yeye mwenyewe wavulana walikuwa wanamkimbia. Akakaa. Akakunja magoti. Akainamisha kichwa.

Akashuka.

Sijui niwaambieje. Nimeona mengi, lakini mama wa rika lile, mwili ule, akipita kati ya migomba ametulia kabisa, anapinda kwa bega moja tu, anakwepa jiwe ambalo mimi nililikalia! Alipofika njiani akachimba visigino, gome likasimama hapo hapo mbele ya miguu yangu. Hakuanguka. Hata kitenge hakikuchafuka sana. Tulibaki wote vinywa wazi, Wahehe na Wanyakyusa, na mimi nikasahau kushika suruali.

"Mwe bandu, jamani!" Mama yangu alikuwa ameshuka na kisu chake cha kumenyea ndizi, anacheka huku anafuta machozi. "Huyu mama anapinda kama baba yake Tumpe!"

"Kama nani?" Tumpe alikuwa ameshatufikia, macho mekundu.

"Baba yako. Huyu baba yako mdogo alikuwa anakaa nyuma, analia. Aliyekuwa anaongoza ni baba yako. Anapakia watoto wanne kwenye gome moja, anashuka nao, hakuna anayeanguka. Nilimshonea viraka mpaka uzi ukaisha nyumbani."

Tumpe akanigeukia. "Baba, mbona hukuwahi kuniambia?"

Nimemsimulia habari za baba yake tangu utoto wake: alivyosoma kwa bidii, alivyoimba kwaya, alivyokuwa na huruma. Mtu yule yule wa kwenye picha ya ukutani, amefunga tai. Hii ya gome hata haikunijia.

"Alikuwa anapiga fijo ndefu kuliko wote," nikamwambia. "Ilikuwa inasikika hadi kule barabarani."

Akacheka. Analia na anacheka, halafu akanikumbatia na ulanzi wangu wote, gauni jipya na kila kitu, na mimi nikalia mbele za wakwe bila aibu yoyote, maana aibu ilikuwa imeshaisha.

Mazungumzo ya posa tumeyafanya sebuleni. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge cha mama, nimekaa upande mmoja. Shangazi alikaa upande mwingine. (Alishuka vizuri, lakini umri ni umri.) Alipoanza kuongea niling'ata ulimi nisije nikacheka.

"Baba mkwe," akasema, "nilikuja na maswali. Nilitaka kujua binti yetu anatoka kwa watu gani. Yule baba wa kwanza alinicheka mimi. Wewe umetuchekesha kwa mwili wako mwenyewe, na suti juu. Sina swali. Tunaomba binti."

Nikamwangalia Tumpe. Akatikisa kichwa kukubali, na shangazi yake Festo akapiga vigelegele mwenyewe bila kusubiri mtu.

Basi ndiyo hivyo. Harusi ni baada ya mavuno. Video Atu ameshaituma, najua mmeiona, na naombeni kwa heshima zote asicheke mtu. Atakayecheka namwingiza kwenye kamati ya harusi, kitengo cha kukusanya michango.