Kamera Mbili na Mkwe Mmoja

Jumatatu, 19 Julai 1993

Kassimu amefika kwa basi la Tunduru akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Siku mbili njiani. Ameniletea kamera mbili ndani ya gunia la korosho: moja ndogo, moja kubwa. Nichague moja, naye achukue redio yangu ya mbao. Amesema nikae nazo zote mpaka Jumapili nizidadisi. Mfanyabiashara mwenye akili. Tangu biashara iachiwe huru, Songea kunapatikana kila kitu, isipokuwa watu wa kukitumia kwa usahihi.

Sababu ya kamera ni hii. Jumamosi binti yangu Ursula anaolewa. Kamati ya harusi imempa Otto kazi ya picha bila kuniuliza mimi, baba mzazi. Otto ana studio pale Lizaboni. Nilimfundisha darasa la tano mpaka la saba. Juu ya mlango wake ameandika MAKAMERA YA KISASA. Umoja kamera, wingi kamera. Mtu asiyeweza kuiweka nomino katika ngeli yake atamwekaje bibi harusi katikati ya picha?

Mke wangu Fausta alinisikiliza huku akichambua maharage. Akasema Otto hapigi picha kwa ngeli. Kisha akaweka ungo chini. Fausta akiweka ungo chini, jambo ni zito. Mama yake, Bibi Lidwina, anakuja kutoka Matimira. Ana miaka themanini na kitu, na hajapigwa picha hata siku moja. Amekuwa akikataa kila anapoombwa. Safari hii amekubali. Picha moja, na mjukuu wake, basi. Fausta akasema hana sura ya mama yake mahali popote isipokuwa kichwani, na kichwa chenyewe kinazeeka. Picha hiyo ikiharibika, haitakuwapo nyingine.

Nikamhakikishia. Akauliza mara ya mwisho nilipiga picha lini. Nikasema hilo ni swali la nje ya mada.

Jumanne, 20 Julai

Kamera ndogo. Ukubwa wa sabuni iliyokwisha nusu. Inaingia mfuko wa shati. Hakuna cha kuzungusha: unachungulia, unabonyeza, inalia kama mtu anayekata ukucha. Kassimu anasema inafikiri yenyewe. Nimemsahihisha. Chombo hakifikiri.

Hata hivyo nimekaa nayo barazani saa nzima. Taa yake huwaka yenyewe penye giza, na penye jua haiwaki. Imejuaje? Nimeiingiza ndani ya chungu, nikabonyeza. Ikamulika. Nimeitoa nje, nikabonyeza. Kimya. Nimeirudisha chunguni. Mara sita. Fausta akauliza chungu kimekosa nini.

Mchana nikatia filamu, nikaenda nayo mtaani. Mjimwema nzima nimewafundisha, au nimewafundisha wazazi wao. Nikampiga picha Stumai muuza vitumbua, Dennis fundi baiskeli, karani wa kata, na wanakwaya watano waliokuwa wakitoka mazoezini. Wote walinisalimu kwa adabu. Nikaitikia, nikabonyeza. Mji bado una heshima.

Kasoro moja: kamera yenyewe haionekani. Stumai aliniuliza kwa nini namwonyesha kiberiti.

Jumatano, 21 Julai

Kamera kubwa. Kilo moja na robo kamili. Nimehakikisha kwa mizani ya duka la jirani. Ina mkanda wa kuvaa shingoni na lenzi mbili, fupi na ndefu. Ile ndefu ni kama mchi. Imezungukwa na tarakimu kama saa ya ukutani iliyochanganyikiwa.

Nimeng'oa lenzi nitazame ndani. Mna kioo kidogo kimeinama kama mtu anayesali. Ukibonyeza, kinaruka juu, kinarudi. Kwa nini kiruke? Nilibonyeza mara arobaini ndipo nikafahamu. Unapochungulia kamera kubwa hukioni kitu chenyewe. Unaona taswira yake kwenye kioo. Kioo kinapisha njia ili filamu nayo ione. Nimeliandika hilo kwa wino mwekundu katika daftari jingine.

Nikaivaa, nikapita ofisi ya kata. Karani yuleyule ambaye jana alinisalimu akiwa amekaa, leo alisimama, akafunga kifungo cha shati, akauliza naandikia gazeti lipi. Sikujibu. Kutojibu si kudanganya.

Jioni nilitia filamu, nikamlenga Fausta akianua nguo. Kwanza ukungu. Nikazungusha lenzi, na nyuzi za kanga yake zikatokea mmoja mmoja. Kisha uso. Ana kidoa cheusi chini ya jicho la kushoto. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, sikuwa na habari. Akauliza natazama nini. Nikasema najaribu lenzi.

Kabla ya giza nikataka kujua kama picha zimeingia. Nikafungua mlango wa nyuma wa kamera. Filamu ilikuwamo, ya kijivu, haina kitu. Nikafunga. Pengine zinahitaji muda.

Alhamisi, 22 Julai

Chumba cha giza cha kusafishia filamu wanacho kwa Otto tu. Ilibidi. Nikamwambia filamu hizi mbili ni za rafiki yangu wa Tunduru. Akanisalimu, akanipa kigoda. Nikakaa chini ya MAKAMERA kwa saa tatu nikijizuia.

Alitoka akijifuta mikono, uso ameukaza kama mtu aliyezuia kikohozi kanisani. Filamu ya kamera kubwa imeungua yote. Akasema aliyeifungua nyuma aliifungua juani. Nikasema rafiki yangu ni mdadisi.

Filamu ya kamera ndogo imetoka. Akazipanga picha mezani. Utosi wa Stumai. Kipara cha Dennis. Kichwa cha karani, kwa juu, kama kinavyoonwa na kunguru. Vilemba vitano vya wanakwaya. Picha ishirini na nne, hakuna pua hata moja.

Otto akasema rafiki yangu wa Tunduru anaheshimika sana huku Mjimwema. “Maana hizi, Mwalimu, ni picha za shikamoo tupu.” Akaeleza, nami sikumwomba aeleze. Watu wakimwona mzee amewaelekea, wanainama kumsalimu, naye anabonyeza palepale. Rafiki yangu amalize salamu kwanza, asubiri vichwa virudi mahali pake, ndipo abonyeze.

Nikasema nitamfikishia ushauri. Otto huyu alipata alama kumi na tatu kati ya hamsini katika sarufi.

Uamuzi wangu: kosa ni la kamera ndogo. Haionekani, kwa hiyo watu hudhani wanatazamwa tu, wanasalimu. Mbele ya kamera kubwa mtu hujua ni picha, hutulia.

Ijumaa, 23 Julai

Bibi Lidwina ameshuka kwa basi la saa tano. Nikapita mlango wa uani, kama desturi. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hazungumzi na mkwewe pasipo mtu katikati. Tangu nioe namfahamu mama huyu kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa miguu yake. Kidole kidogo cha mguu wa kulia kimepanda juu ya mwenzake. Ningeitambua miguu hiyo popote duniani.

Yeye barazani, mimi chumbani, Fausta mlangoni. Bibi akamwambia Fausta aniulize: hiyo picha, kabla haijatoka, inakaa wapi? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nikamwambia Fausta amjibu kwamba inakaa gizani ndani ya kamera, mpaka isafishwe. Bibi akafikiri. Akasema kumbe ni kama mimba, ukichungulia kabla ya wakati unaharibu. Fausta akageuka akanitazama. Kumbe Otto hawezi kutunza siri.

Ndipo nikaona ugumu wenyewe. Nitampigaje picha mtu nisiyeruhusiwa kumtazama? Nimetembea uani nusu saa. Jibu limo katika wino mwekundu. Kamera ndogo ina kidirisha kitupu: ukichungulia, unamtazama mtu mwenyewe. Hiyo ni kuvunja adabu. Kamera kubwa ina kioo: unatazama taswira, si mkwe. Tena kwa lenzi ndefu nitasimama hatua ishirini na tano, karibu na jiko la nje, na nitaziheshimu taratibu zote za ukoo kwa kuwa mbali. Kubwa, basi. Hoja imefungwa.

Amebaki Otto. Nimempelekea kijibarua: “Tafadhali fahamu kuwa sherehe itaanza saa nane mchana.” Misa ni saa nne. Sikudanganya. Nomino “sherehe” haijumuishi ibada, na picha ya Bibi itapigwa mara tu tutokapo kanisani.

Jumapili, 25 Julai

Jana Otto alikuwa mlangoni mwa kanisa saa nne kasoro robo, amevaa tai. Fausta alikuwa amemweleza ratiba nzima tangu Jumanne. Akanishukuru kwa barua. Akasema amefurahi kuona nimeandika “fahamu kuwa” na si “fahamu ya kuwa”, kwani alikuwa hajui lipi ni sahihi. Sijaamua kama alikuwa akinitania.

Nilimsindikiza Ursula altareni nikiwa na kamera shingoni. Katikati ya njia akaninong'oneza kwamba mkanda umenasa shela lake. Tulisimama. Waumini walidhani ninasitasita kumtoa, na mama mmoja akalia.

Nyumbani Mjimwema. Baridi ya Julai, jua jembamba. Bibi akakalishwa kwenye kiti mbele ya turubai, kanga mpya, miguu pamoja. Ursula akasimama kando yake. Fausta akatangaza kwamba mama ni mara moja tu, watu wakae kimya. Wakakaa. Otto alikuwa kando ya turubai na mikono mifukoni. Mimi jikoni, hatua ishirini na tano, nimezihesabu. Mbele yangu jirani yetu Biasha na ndoo ya togwa ya ulezi.

Nikachungulia. Ukungu. Nikazungusha lenzi.

Sikuwa nimelifikiria hili: lenzi ndefu huleta mtu karibu. Ghafla uso wa mkwe wangu ulikuwa shibiri moja kutoka puani mwangu. Macho ya rangi ya chai. Mwanya kama wa Fausta. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, kwa udadisi, kama anayetafuta mahali picha inapokaa.

Mwili ulifanya ulichofundishwa utotoni. Niliinama mpaka chini. Nikasema “Shikamoo, Mama” ndani ya kamera. Kidole kilibonyeza katikati ya salamu. Kisha nikasikia ubaridi: nusu ya lenzi ilikuwa ndani ya togwa.

Biasha akaniambia, “Mwalimu, togwa huwa tunakunywa, hatuipigi picha.” Alipaswa kusema “tunainywa”. Sikuwa katika hali ya kumsahihisha.

Nikainua kichwa. Bibi alikuwa amekwisha kusimama. Mara moja ni mara moja.

Leo Kassimu amekuja. Akageuza lenzi, punje za ulezi zikatembea ndani yake. Akasema wallahi Mwalimu, aliyelowesha ndiye aliyenunua. Ameondoka na kamera ndogo na redio yangu. Nimechagua kubwa. Kwa hiari.

Fausta amekaa na ungo tangu asubuhi. Anachambua mchele usio na mawe.

Jumatano, 28 Julai

Tumekwenda kwa Otto, mimi na Fausta. Yeye alitangulia hatua kumi njia nzima.

Picha yangu imetoka. Safi kabisa, hakuna ukungu. Ni miguu miwili ya Bibi Lidwina na pindo la gauni la Ursula. Kidole kidogo kimepanda juu ya mwenzake. Unaweza kuhesabu nyufa za kisigino. Fausta aliishika muda mrefu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, hiyo ni miguu ya mama. Nikatamani anigombeze.

Otto akafungua droo. Akatoa kamera yake. Ndogo, inaingia kiganjani. Mikono mifukoni, kumbe. Akaweka picha mezani.

Bibi Lidwina na Ursula wanacheka. Wanacheka mpaka Bibi ameshika goti la mjukuu wake asidondoke. Wote wawili wanatazama kitu kimoja kilicho nje ya picha, upande wa jikoni. Otto akasema kwa heshima kwamba alisubiri tu salamu iishe.

Fausta akakaa kwenye kigoda. Akasema, “Mama ana mwanya kama wangu.” Mimi nilikuwa nalijua hilo tangu Jumamosi. Akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akacheka tena, na safari hii alikuwa ananitazama mimi. Tulirudi tukitembea sambamba.

Picha imetundikwa sebuleni. Nyuma yake Otto alikuwa ameandika “Imepigwa na Otto.” Sentensi sahihi, ila haijakamilika. Bila mimi wasingecheka. Lugha yetu ina kauli ya kutendesha kwa ajili ya mambo kama haya. Nimeongeza kwa wino mweusi: “na kupigishwa na Mwalimu Polikarp.”

Nimetafakari pia chanzo cha kosa. Si mimi, wala si salamu. Ni umbali. Hatua ishirini na tano ni karibu mno. Fausta amesema Bibi atarudi Krismasi. Nimemwandikia Kassimu aulizie Dar es Salaam lenzi ndefu kuliko hii. Nimemdokezea habari za cherehani ya Fausta, ambayo siku za Jumapili haitumiki.

Kutoka hatua mia moja, hakuna desturi inayomlazimisha mtu kusalimu.