Ndani ya Moteri Ni Mali ya Nani

Kilichomkera Valère pale Kashikishi, soko la samaki la Nchelenge, ni tabia ya wateja kumiliki vitu. Mtu akishanunua moteri ya mtumbwi anaondoka nayo moja kwa moja, na ikimzimia ziwani anaifungua mwenyewe kwa spana ya kuazima, anaendelea na safari. Muuzaji haambulii hata salamu. Valère, aliyevuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya ng'ambo, si ile ya pwani, akiwa na moteri chache za mtumba, aliona huo ni uonevu mkubwa kwa wafanyabiashara.

Dawa aliipata kwenye waya na kipande cha risasi. Alifunga kifuniko cha kila moteri, akaigonga risasi ikawa muhuri, na tangu hapo akawa anauza sehemu za nje tu.

“Mama, moteri iko ya weye,” alimweleza Eness, mjane aliyechuuza chisense, dagaa wa Mweru, mpaka Chienge. “Lakini ya ndani iko ya sosiete, kampuni yangu. Ikifwa, unaniita, unalipa kidogo, nafungula. Mutu mwingine akipasula hii plombe, hii muhuri, moteri yote inarudia kwangu. Sheria ya kisasa njo ile.”

“Sasa miye nanunua nini?”

“Unanunua kutumika nayo, mama.”

Eness aliyatazama magunia yake ya dagaa wakavu. Hakuwa na mali nyingine, na kwa kasia tu angefika Chienge wenzake wamekwisha kuuza. Akauliza swali ambalo watu wa ufuko ule huuliza kabla ya kutoa chochote.

“Uko wa ukoo gani?”

Valère alikuwa na jibu tayari. Lackson, mwenye nyumba wake, alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na tangu amwambie kwamba wao ni ndugu, Valère alikuwa anakula na kulala kwake bure.

“Mwena Mbushi,” alisema bila kupepesa macho. “Mbuzi kabisa, kwa upande wa mama.”

Eness alitabasamu, akatoa magunia. Valère akadhani ni heshima.

Moteri ilizima karibu na Mununga, maana Valère alikuwa amesahau kwa makusudi pamba kidogo kwenye bomba la mafuta. Mtumbwi ulikuwa umejaa na mawimbi yanapanda. Eness hakumwita mtu. Alikata waya, akaitoa ile pamba, akafika sokoni, akauza.

Habari za waya kukatwa zilimfurahisha sana Valère. Siku Eness aliporudi alimkuta Valère ufukoni na Lackson kama shahidi, na umati wa watu wasio na haraka.

“Plombe iko wapi, mama?”

“Niliikata.”

“Basi moteri imerudia kwangu.” Akaing'oa, akaiweka mchangani.

Eness hakubisha. “Iko yako yote? Ya ndani na ya inje?”

“Yote. Ya miye Valère.”

“Bote munasikia?”

Walisikia. Lackson alianza kukohoa.

“Miye niko mwena Ngo,” Eness akasema. “Chui.” Akaibeba moteri, akairudisha mtumbwini.

Huko Luapula Chui na Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hujichukulia cha mtani wake, na aliyechukuliwa sharti acheke. Akinuna, aibu ni yake, na faini juu. Ila mtu hawezi kujichukulia kilicho chake. Ilibidi moteri iwe kwanza ya Valère, na Valère aliithibitisha mwenyewe kwa sauti ya kusikika hadi forodhani.

“Mama,” alinong'ona, “kusema kweli, miye hapana Mbuzi.”

“Hapana Mbuzi?” Lackson aliuliza polepole. “Sasa bwali yangu, ile ugali yote, ulikuwa unakula kama nani?”

Mbuzi wengine walisogea, watu wenye mikono iliyokomaa kwa kuvuta nyavu. Valère aliwatazama, akachagua ukoo.

“Niko Mbuzi,” akasema, akacheka kama mila inavyotaka.

Eness alishukuru kwa kupiga magoti kidogo, akavuta kamba, moteri ikanguruma. Sasa ilikuwa yake mpaka skrubu ya mwisho, na furaha hiyo hakuificha. Valère aligeuka akakusanye moteri zake zilizobaki, awahi mtumbwi wa Kilwa. Nyuma yake watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

“Munungwe wandi, mutani wangu,” alisema wa kwanza, akivitazama viatu vya Valère, “na miye niko Chui.”