Kiti Kimoja, Migongo Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Mgongo unauma. Shingo nayo imeiga. Kiti changu kimekwisha sponji, nimekalia mbao na subira. Leo meneja ametangaza: mtaalamu wa viungo atakuja Alhamisi kutazama tunavyokaa. Kuna kiti kipya kimoja tu, cha kuegemeza kiuno, kinapanda na kushuka. Atapewa mwenye hali mbaya kuliko wote. Hapohapo karani mwenzangu, tunayemwita Msumari kwa kukaa wima, akashika kiuno. Kiuno! Tangu lini? Kiti hicho ni changu.

Jumanne, 4 Machi
Mtaalamu akinikuta nimekaa vizuri, nimekwisha. Nimeondoa vitabu vilivyoinua skrini. Nimeshusha kiti mpaka mwisho. Kutwa nimefanya kazi kidevu kikigusa kibodi. Msumari akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia sana. Akasema pole, hata yeye halali. Mwongo mkubwa.

Nyumbani mke wangu akataka kujua kwa nini nakula nimeinama. Nikasema ni mazoezi. Akasema wenzangu hufanya mazoezi ili wanyooke. Nikamkumbusha kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akajibu kuwa uvunguni mwetu kuna ndoo tu.

Alhamisi, 6 Machi
Kalamu ilianguka. Nikainama kuiokota. Sikurudi juu.

Nimekwama! Kweli kweli, bila maigizo! Mtaalamu akaingia, nikamwamkia nikitazama viatu vyake. Aliyenishika na kunilaza sakafuni ni Msumari. Akakunja koti lake akaniwekea kichwani, taratibu, jambo lililoniudhi zaidi. Mtaalamu akasema ofisi nzima hakuna mgongo mbovu kama huu. Machozi yakanitoka. Ya furaha, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda kwa ubovu. Ndiyo maana nimekatazwa kukaa! Meza yangu imepandishwa juu ya matofali, skrini iko usawa wa macho, nami nasimama kama mlinzi mpaka mtaalamu arudi. Kiti kapewa Msumari. Kumbe kiuno kinamtesa tangu alipoteleza ngazini mwaka jana, ila hapendi kusumbua watu. Aliona haya hata kukikalia. Nikampa hongera. Jamani, nimechoka.

Mgongo umepoa kidogo kwa huku kusimama. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amenikanda mgongo kwa mafuta ya moto. Akasema anatumaini nimepata funzo.

Nimelipata. Kosa lilikuwa kuchagua mgongo. Mwenye miguu mibovu hasimamishwi, lazima akalishwe, na Msumari ana huruma, atanipisha bila kuombwa. Mtaalamu anarudi Alhamisi. Shemeji ameniazima viatu vyake vya harusi. Vinanibana vizuri sana. Usiku huu nalala navyo.