Sina Presha na Biriani ya Bi Zeina

Jumatatu, 3 Novemba

Nimetoka gereji kwa Kambi, fundi, adui yangu. Ati gari langu la mizigo ni gonjwa. Alifungua kifuniko cha oili, akanionyesha kitu rangi ya chai ya maziwa, akauliza naona nini. Nikasema naona chai. Hakucheka. Kwa maelezo yake gasketi ya hedi, ile inayoziba kichwa cha injini, imekufa, maji na oili vyachanganyika, rejeta yavuja, na injini ikichemka sana nimekwisha. Elfu arobaini na tano! Gari lina miaka ishirini na saba na halijawahi kulalamika ila kwake. Mtu huyu huzua magonjwa.

Damaris, mke wangu, ameamini kila neno. Ametoa pesa zake za chama cha akiba, zote, noti kwa noti. Akaniambia kwa upole (naogopa sana upole wake) nitengeneze gari, nipate kazi kwa Bi Zeina, la sivyo gari litauzwa na tutahamia Tezo kwa babake, nikalime. Mimi! Na jembe! Baba mkwe, mzee Karisa, huniita “dereva” kama mtu anayetema kokwa.

Jumanne, 4 Novemba

Bi Zeina ndiye mpishi wa harusi wa Malindi nzima, na atafuta gari la kubebea masufuria. Nilimpa shikamoo mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Amekubali kunijaribu: Jumamosi, biriani kutoka kwake hadi harusini Kilifi. Nikifika salama, harusi zote hadi Ramadhani ni zangu.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Bi Zeina ataangalia nini? Bodi. Viti. Hawezi kufungua boneti, mama wa heshima kama yule. Sasa gasketi ya nini? Nani amewahi kuiona gasketi akaisifu?

Jumatano, 5 Novemba

Pesa za Damaris zimefanya kazi nzuri. Rangi ya maziwa, ukanda wa kijani. Viti vipya vya maua. Honi ya sauti saba. Ubavuni nimeandikisha SINA PRESHA kwa herufi za dhahabu.

Nikapita gereji kwa Kambi makusudi, nikapiga sauti zote saba. Hakutazama maandishi. Alitazama chini, pale gari lilipodondosha maji. Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Novemba

Rejeta. Dereva mwenye akili ajua kuwa yai huziba tundu. Nimetia mayai sita. Halafu bizari, kopo zima, na pilipili manga ya kushikilia. Vitu ni vya Damaris, vya viazi karai anavyouza jioni hapo nje. Maji yakaacha kudondoka! Nilicheza peke yangu uani.

Shida ndogo. Wateja wameuliza mbona viazi leo vyeupe. Damaris akaniuliza mimi. Nikasema bizari imepanda bei. Akauliza ni nani aliyekwenda dukani. Nikaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Novemba

Majaribio hadi Gede. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Nimeubandikia kibandiko cha ua. Sasa hauonekani na roho yangu imetulia. Gari likipata moto lanuka pilau, jambo ambalo kwa kazi hii si kasoro.

Damaris ameuliza kama gasketi imetiwa. Nikamjibu kwamba gari sasa ni jipya. Akatabasamu, akanipigia pasi shati la kesho. Nilijisikia vibaya kitambo, kama dakika tatu hivi.

Jumamosi, 8 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulitoka saa tatu asubuhi. Nyuma masufuria manne ya biriani, vifuniko vimezibwa kwa unga wa kukanda. Mbele Bi Zeina, buibui jipya, anukia udi. Akasifu viti. Hadi Gede nilikuwa mfalme. Matsangoni moshi mweupe ukaanza. Nikamwambia ni ukungu. Saa nne, jua kali! Mbele kidogo gari likakohoa, likazima.

Rejeta kavu. Dumu la maji nililiacha nyumbani, liliharibu sura ya gari. Karibu hapakuwa na nyumba ila mangwe, kilabu cha tembo la mnazi, kwa mama muuzaji. Maji hana, bomba limekauka siku ya nne. Mnazi anao, lita ishirini. Nikafikiri. Kwani mnazi ni nini? Ni maji tu yaliyopitia juu ya mti. Nikanunua, nikangoja injini ipoe, nikamimina nikijificha nyuma ya boneti. Likawaka! Nilitaka kuimba.

Nusu kilomita. Mnazi ulipopata moto ukaumuka, na paipu iliyo chini ya dashibodi ikapasuka upande wa Bi Zeina. Povu la mnazi, mayai na bizari likammwagikia kuanzia magotini hadi viatuni. Lilikuwa vuguvugu tu, hakuungua, namshukuru Mungu. Ila udi haukusikika tena.

Alikung'uta buibui. Halafu akasema, “Mwanangu Nyale, nimehiji mara mbili. Leo naingia harusini nanuka tembo.”

Akampigia simu mtu mwenye pikapu anayemwamini. Kambi! Alikuja, akahamisha masufuria (unga ulishika, biriani ilipona), akafungua boneti, akanusa, akafunga. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 9 Novemba

Hedi imepinda. Damaris ameuliza swali moja tu, pesa zake zilikwenda wapi. Nikamwonyesha honi.

Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya zile herufi za dhahabu akalia kimyakimya. Pesa zile zilikuwa miaka miwili ya viazi. Hapo niliumia kweli. Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nikamwambia rangi itadumu miaka mitano.

Kambi amelinunua gari, elfu sitini. Amempa Damaris mkononi. Mimi hata kuzigusa la.

Alhamisi, 27 Novemba. Tezo

Malengelenge sita. Mgongo si wangu. Leo nikiwa kwenye palizi kando ya barabara, gari langu likapita. Kambi kwenye usukani, Bi Zeina kando yake, masufuria nyuma. Hakuna moshi wala harufu. Nasikia amelitia hedi nyingine, gasketi, rejeta na pampu ya maji. Masikini Kambi! Pesa zote hizo kwa vitu visivyoonekana.

Huku nako kuna jambo. Mashine ya mzee Karisa ya kumwagilia nyanya haivuti maji tangu juzi, na miche yaanza kulala. Fundi wa Kilifi ataka elfu nane. Nimemwambia mzee, kwa heshima zote, kwamba huyo ni mwizi, na kwamba mimi mashine nimezaliwa nazo. Yaliyotokea Malindi hayajui. Damaris alimwambia gari liliuzwa tu, alinisitiri. Mzee akanitazama sana. Mwisho akanipa elfu nane, na kwa mara ya kwanza akaniita mwanangu.

Tumekubaliana Damaris asijue. Kesho alfajiri naenda mjini na pesa, kutafuta rangi. Mashine yenyewe sijaifungua, wala sioni haja.