Sauti ya Baba Kwenye Kundi la Ukoo

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Shemeji Idris anataka akaunti ya ujumbe ya marehemu baba ifutwe. Kamwambia mama, naye bado yumo edani, kwamba maiti anataka dua, si chaji. Simu yenyewe anaitaka yeye, namjua! Na humo ndimo zilimo sauti zote alizotutumia baba kutoka kisiwani Chula, nyundo ikigonga mashua nyuma yake. Zikifutwa nitabaki na nini? Mama kasema ataamua Ijumaa.

Nina mpango. Fundi simu hapa Kismayo ni mimi. Idris anauza vitunguu.

Jumatano, 5 Novemba
Mama kanifungulia simu. Nimeiunganisha na kompyuta ya dukani: kila baada ya alfajiri itachagua sauti moja ya zamani na kuituma kwenye kundi la ukoo. Mama aamke kwa salamu za mumewe. Hata wafiwa wa kisiwa cha Kudhaa watanitafuta niwafungie mtambo kama huu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nakunywa chai. Simu ikalia: Baba. "Sabiri, ndoo pwani na gari la punda. Nina papa. Usimwambie mchu."

Kaniita nije, nisimwambie mtu! Nikatoka mbio, kandambili moja mguuni. Nikamwamsha mwenye punda. Tumefika, akauliza mzigo uko wapi. Ndipo nikakumbuka kwamba niliyeituma ni mimi.

Nililia palepale. Baba alikuwa akinikatia kipande cha kwanza na kusema nimechelewa, hata nikiwahi. Nimemkosa sana.

Kugeuka, namwona Idris. Ana kikapu. Kasema alikuwa akinyoosha miguu tu, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi Mwanapili naye kapiga simu kutoka Chula: alikwenda hadi banda la mashua kumgombeza baba kwa kuondoka kuja Kismayo bila kumuaga.

Ijumaa, 7 Novemba
Mama kaamua. Akaunti haifutwi. Simu inalala chini ya mto wake, atamsikiliza mumewe akitaka yeye. Kasema marehemu hatumwi kama mtoto wa dukani, na mtambo wangu niuondoe leo.

Nimeuondoa kwenye kundi. Utatuma kwa namba moja tu, yangu. Hiyo si kundi.

Baada ya sala Idris kanivuta kando. Kauliza, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, kama namba mbili zingekuwa tabu.

Nimemwongeza. Mwenye punda nimemwambia kesho asiende mbali.