Mwalimu Anayefundisha Watu Wazima Kuanguka

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Kuteleza Mawimbini.

YAH: MWALIMU WENU, NA RUHUSA YANGU YA JUMAMOSI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kikavu, tofauti na mimi ambaye nina mchanga masikioni kwa wiki ya tano sasa.

Kwa kuwa hatufahamiani, nijitambulishe. Mimi ndiye mwenye shule ya udereva iliyo juu ya duka la matairi, karibu na mataa ya barabara kuu. Nimefundisha miaka ishirini na miwili, magari madogo, malori na mabasi. Mke wangu ndiye aliyesema tujiunge na klabu yenu, kwa sababu daktari alitutaka tufanye mazoezi na yeye hapendi kukimbia. Nikakubali. Nilitaka kujifunza kusimama juu ya ubao, hilo tu.

Jumamosi hii inayokuja shemeji zangu wote watano watafika kunitazama nikiteleza kule kwenye mwamba wa matumbawe, pamoja na wanafunzi wangu wa darasa la asubuhi. Nimeshawaalika. Mwalimu wenu amekataa kunipa ruhusa. Kwa hiyo naleta malalamiko yafuatayo, na naomba yasomwe kwa mpangilio bila kuruka hata moja.

1. Wiki nzima ya kwanza hatukugusa maji. Mwalimu wenu, yule mama mrefu ambaye darasa zima linamwita Funika kwa sababu kila baada ya dakika mbili anapaza sauti "funika kichwa", alitupanga juu ya mchanga mkavu akatuambia tuanguke. Tukaanguka kushoto. Tukaanguka kulia. Tukaanguka kinyumenyume. Fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, alianguka vizuri hata akapigiwa makofi. Mheshimiwa, mimi sijawahi kuanza somo kwa kumfundisha mtu kugonga. Siku nitakayomwambia mwanafunzi kwamba leo tunajifunza kuingia mtaroni, wazazi watakuja kunifungia ofisi, na watakuwa na haki.

2. Kuanguka kwenyewe hakuna msimamo. Kwenye ufuko wa mchanga anasema wimbi huvunjika lote kwa mpigo mmoja na kina ni kifupi kuliko kinavyoonekana, kwa hiyo usitangulize kichwa, uanguke bapa, na mikono yote miwili ifunike kichwa. Sawa. Kwenye matumbawe anataka uanguke bapa zaidi, halafu ukiibuka usikanyage chini hata kama maji yanakufika magotini, kwa sababu matumbawe yanakata kama wembe. Yaani mtu mzima anaona mahali pa kuweka miguu, na anaruhusiwa kupatazama tu. Kule kwenye ncha ya mawe inayoingia baharini nako, kabla hujaingia lazima umwonyeshe kwa kidole utatokea wapi. Nilimuuliza nitajuaje nitakapotokea ilhali sijaingia. Akanijibu mbele ya watu, "Ndiyo maana leo huingii, baba." Alama ya kusimama barabarani ni moja, mjini na shambani. Bahari hiyo hiyo moja mwalimu wenu ameipa miereka mitatu.

3. Kamba. Tunafungwa kamba kwenye kifundo cha mguu, na ncha ya pili imefungwa kwenye ubao. Kisha tunaonywa kwamba tukiibuka tutangulize mkono juu ya kichwa, kwa kuwa ubao unaweza kuwa unarudi. Unarudi kwa sababu gani? Kwa sababu wamenifunga nao. Katika kazi yangu, mtu akishagongwa na gari tunamtoa mbali na gari.

4. Kabla ya kuingia tunakaa robo saa tukitazama mawimbi. Tunayahesabu, tunaangalia yanavunjikia wapi, maji yanayorudi baharini yanapita wapi, na zamu ni ya nani. Mwanafunzi wangu akikaa robo saa akitazama magari bila kuwasha injini, nitampigia simu mama yake.

5. Sasa nafika kwa mke wangu, na hapa naomba usome polepole. Mke wangu haoni mbali bila miwani, na anaogopa mende. Wiki ya tatu tu akapewa ruhusa ya matumbawe. Mimi mpaka leo sijapewa. Juu ya ubao hamalizi kuhesabu mpaka tano. Akiona wimbi limemshinda anauachia ubao, anajilaza majini kama mtu anayejitupa kitandani, anaibuka na mkono juu, anacheka. Funika anapiga makofi. Mimi nasimama mpaka ubao upande mchangani. Juzi nilifika nao, nikiwa wima, hadi chini ya mwavuli wa familia iliyokuwa inakula. Hakuna aliyenipigia makofi.

Na nyumbani mambo si mambo. Tukikaa mezani anasema leo matumbawe yalikuwa matulivu, kisha ananitazama kwa huruma na kuniongezea mchuzi. Niseme ukweli, Mheshimiwa, naona aibu. Yeye akienda huko mimi nabaki ufukweni na binti mmoja wa klabuni, wa miaka tisa, anayenishauri nilegeze magoti.

6. Ripoti yangu. Nainukuu yote: "Anasimama vizuri kuliko wote. Hajui kuanguka. Asiende matumbaweni." Hebu nami nimwandikie mtu hivi: anaendesha vizuri kuliko wote, hajui kugonga, asipewe leseni. Nitaonekana nina akili timamu?

Kwa sababu hizo naomba klabu ifanye yafuatayo kabla ya Ijumaa jioni. Mwalimu aondolewe darasani apelekwe kwenye stoo ya mbao, ambako anaweza kuziangusha apendavyo. Matumbawe yapigwe msasa kwenye ncha zote, au yafunikwe kwa mpira kama ule unaotandikwa chini ya bembea za watoto. Mawimbi yenye urefu wa kumpita mtu yatangazwe mapema, na yaelekee upande mmoja tu. Alama naweza kuzichora mwenyewe, rangi ninayo. Na kama haya ni mazito kwa kamati, basi nipewe ruhusa ya Jumamosi peke yake. Mtu aliyekwisha kujua kusimama, kuanguka hakumhusu.

Nisalimie katibu wako, mlinzi wa getini, yule bwana anayetutolea mbao, fundi cherehani, na wanachama wote, wanaoanguka na wasioanguka. Funika naye msalimie, kwa ajili ya adabu tu.

Wako, ambaye bado nimesimama,

Mwenye Shule ya Udereva
(sahihi)

N.B. Barua hii ilikaa kwenye mfuko wa koti tangu Jumatano, na mwandiko huu wa chini ni wa mke wangu, kwa sababu mkono wangu wa kulia umefungwa plasta. Jumamosi nilikwenda matumbaweni bila ruhusa, shemeji zangu wakiwa wamepanga viti. Wimbi la kwanza nilisimama. La pili lilikuwa kubwa, nikasimama. Kisha nikaona mbele yangu maji yameisha na mwamba umeanza, nami bado niko wima, na hapo niliogopa kweli. Nikaisikia sauti ya Funika kutoka ufukweni. Nikaachia. Nilianguka bapa, nikafunika kichwa, sikukanyaga chini, nikaibuka nimetanguliza mkono. Ubao ulirudi kweli. Ulinivunja vidole viwili, na daktari anasema kama mkono usingekuwapo, angekuwa anazungumza na mjane. Kwa hiyo vipengele vyote, cha kwanza hadi cha sita, vifutwe, mwalimu asiguswe, na naomba nafasi kwenye lile darasa la mchanga mkavu nikipona. Kamba bado siipendi. Jumatatu wanafunzi wangu walianza somo jipya la kufunga breki ghafla, kwenye uwanja mtupu.

Mimi ninayeandika naongeza langu, ambalo hajaniambia niandike. Kaka zangu wanasema shemeji yao aliumbuka. Si kweli. Miaka thelathini nimesubiri mtu huyu aachie kitu chochote. Alipoibuka na ule mkono juu, nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.